Kangaga, Mama Mkwe na Kanuni ya Kwao

Ndugu Mkuu wa Kitalu cha Miche,

YAH: USHAURI WA MUUZAJI WAKO ULIOMWONDOA MAMA MKWE WANGU

Salamu, na pole na kazi. Kichwa cha barua kinajieleza, ila najua ofisi hazipendi mambo ya juu juu, hivyo nitaeleza.

Mimi ni fundi cherehani. Jirani alipopandisha ukuta wake, ua wangu wa nyuma ulikosa jua, na mke wangu akasema basi tupande maua ya kivulini. Nikanunua kwenu makangaga matatu. Yalikauka hata wiki mbili hazijaisha. Nilipoyarudisha, muuzaji wenu, yule mama mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliniambia mbele ya wateja: "Baba, kivuli si kivuli tu. Hili kwao ni milimani, kwenye ukungu. Kwako ni joto na upepo mkavu. Mmea upe kivuli kinachofanana na cha kwao, au uuache huko huko." Akaniuzia majani marefu ya mistari, yanayosimama kama mapanga, ambayo kwao ni vichakani, nchi kavu kama hii. Nakiri yamestawi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hakunionya kwamba maneno hayo hayarudiwi mezani. Niliyarudia. Mama mkwe, aliyeshuka kutoka milimani kututembelea kwa wiki mbili na tayari alikuwa na mwaka wa tatu, aliweka kijiko chini. "Kwa hiyo, mwanangu, kangaga ndiye mimi." Nikamjibu, "Hapana mama, wewe bado hujakauka." Ndugu Mkuu, nilikuwa namsifu.

2. Asubuhi alifunga mizigo. Mke wangu akaniuliza, "Umemfukuza mama yangu kwa ajili ya majani?" Hajaniuliza swali jingine hadi leo, siku ya kumi na moja.

3. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akinishonea vifungo, ameketi pale uani. Mimi tundu la sindano silioni tena. Nina mashati ishirini na sita ya kwaya yasiyofungika, na kiongozi wao amekuja kunieleza, kwa upole uliotisha, kwamba waimbaji hawawezi kusimama mbele za watu vifua wazi.

4. Kanuni yenu imeshatoka nyumbani kwangu. Shemeji yangu ameikataa posa ya binti yake kwa sababu kijana kwao ni ziwani, "penye unyevu mwingi." Karani wa mtaa naye ameomba uhamisho. Ameandika kwamba kwao kuna misimu miwili ya mvua kwa mwaka na hapa penye ukavu anapukutika. Ana kipara, kwa hiyo wakubwa wake wameanza kumwamini.

5. Hili nalisema kwa shida. Ua haujawahi kuwa kijani namna hii, na hakuna wa kuukalia. Juzi nilikaa peke yangu. Mama mkwe hata akinigombeza huanza na "mwanangu." Majani yenu hayajui kugombeza.

Kwa hiyo naomba ofisi yako itoe barua yenye muhuri, ikitamka wazi kwamba kanuni ya kwao inahusu mimea tu, na kwamba wakwe, wachumba na makarani huota popote. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yakipigwa muhuri huenda yakazoleka. Nitaipeleka milimani mwenyewe, na koti nimeshashona.

Nisalimie wote hapo kitaluni, wenye majembe na wenye kalamu, na yule mama pia. Sina kinyongo naye. Aongee polepole tu.

Wako mwenye ua mzuri na nyumba kimya,

Fundi Cherehani,
Nyumba ya tatu nyuma ya ofisi ya maji

Tanbihi: Kabla sijabandika stempu, mlango umegongwa. Mama mkwe amerudi. Anasema baridi ya milimani imemwingia mifupani na kwamba kwao sasa ni hapa. Amekuja na dada zake wawili, ambao nao mifupa inawauma, na meza yangu ya kukatia vitambaa imeshatandikwa shuka. Ile barua ya muhuri naomba ibadilishwe kidogo: iseme kanuni inahusu wakwe pia, hasa wanaokuja watatu watatu. Ni ya haraka.