Maiti Mwenye Mambo Mengi

Jumatatu, 3 Machi
Inspekta Miwani anarudi. Miaka sita tangu atoweke kwenye tamthilia yetu ya upelelezi, na leo mwongozaji katutangazia rasmi. Studio nzima vigelegele. Fundi wa taa alilia, akasingizia vumbi. Maiti wa kipindi cha kurudi kwake ni mimi. Nimeshauawa mara tisa humu, kwa kisu, kwa sumu, hata kwa kuangukiwa na kabati, bila kupewa neno hata moja la kusema. Safari hii Inspekta mwenyewe ataniinamia.

Jumanne, 4 Machi
Mrefu, mwenzangu wa kuigiza watu wa pembeni, kapewa uhudumu wa hoteli. Ana sentensi nzima: "Chai yako, Inspekta." Kutwa anairudia koridoni, mara kwa huzuni, mara kwa vitisho. Nikamnong'oneza kwamba Inspekta anachukia kuitwa Inspekta, aseme "babu". Uongo mtupu. Alinishukuru mpaka nikaona aibu. Kidogo.

Jumatano, 5 Machi
Mpango tayari. Inspekta akiniinamia, nafumbua jicho na kumtaja muuaji. Kumbe sikufa! Watalazimika kunilaza hospitali vipindi vitatu, na wagonjwa huongea. Mke wangu akauliza muuaji ni nani. Nikasema kurasa hizo sikupewa. Akasema kazi yangu pekee ni kulala kimya, na hiyo nayo imenishinda.

Alhamisi, 6 Machi
Tumerekodi. Inspekta kaingia na koti lake lilelile, watu wazima wakasukumana kama watoto. Mrefu akasema, "Chai yako, babu." Inspekta alicheka hadi miwani ikadondoka. Mwongozaji kapenda sana. Mrefu sasa ni mhudumu wa kudumu.

Zamu yangu ikafika nikiwa na hasira. Inspekta akainama. Nikamkamata kola na kusema kwa sauti ya kukata roho, "Ni mhudumu."

Inspekta alipiga ukunga, akaruka kinyumenyume, akamwangukia fundi wa taa. Taa mbili chini. Mwongozaji akaniuliza taratibu kama naumwa. Inspekta, mkono kifuani, akasema kazi hii kaifanya miaka mingi lakini maiti mbishi hajapata kumwona.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeitwa ofisini. Nilikwenda na mfuko wa kubebea vitu vyangu. Kumbe Inspekta kaniombea msamaha, eti na yeye alianzia kwenye umaiti. Nimebakizwa, kwa sharti: kuanzia sasa nafunikwa shuka, itaonekana miguu tu. Mke wangu kasema nishukuru na nitulie. Nimeshukuru.

Toka alasiri nimekaa mbele ya kioo, miguu juu ya stuli. Kidole gumba cha kulia kina kipaji cha ajabu. Nikikikunja polepole, kinaonyesha majuto. Jumatatu Inspekta akipita karibu na kitanda, kitamkonyeza.