Hotuba Niliyoipakia kwa Pupa

Leo nimeaibika, tena nikiwa na kikombe cha chai mkononi, mbele ya chumba kizima cha walimu.

Asubuhi nilikuwa natafuta notsi za Jiografia za kidato cha tatu. Nikazipata kwenye tovuti moja ambayo watu hupakia nyaraka zao ili wengine wazisome. Kurasa mbili za mwanzo zilionekana vizuri. Kuanzia ya tatu, maandishi yote yalikuwa na ukungu kama milima ya Matogoro mwezi wa saba. Chini pameandikwa: lipia, au pakia nyaraka zako tano ufunguliwe bure.

Kulipia sikutaka. (Mimi nikikaza, nimekaza.) Nikachagua mafaili matano kwenye kompyuta bila kuyafungua, nikapakia, nikapata notsi zangu, nikaenda darasani najiona mjanja.

Saa nne, chai. Mwalimu Komba, makamu mkuu wetu wa shule, anastaafu Ijumaa, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusoma hotuba ya kumuaga. Nikamwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Nilikuwa natafuta mfano wa hotuba ya kustaafu, nami niandae maneno ya kushukuru. Nimepata moja mtandaoni, imewekwa leo hii. Hebu sikilizeni."

Akasoma kwa sauti: "Tunamuaga mtu ambaye akisema 'kwa kifupi', unapiga simu nyumbani wasikusubiri kula."

Walimu wakacheka. Mimi chai ikanipalia. Yale maneno ni yangu. Niliandika hotuba mbili: moja ya heshima, nyingine ya utani, ya kumchekesha mume wangu tu.

Mwalimu Komba ndiye aliyecheka kuliko wote. "Watu wa namna hii wapo. Kule wilaya ya Namtumbo nilifanya kazi na mmoja, alituchosha kweli." (Masikini, hakujitambua.)

Jina lake lilikuwa ukurasa wa tatu. Ukurasa wa tatu ulikuwa na ukungu.

"Hapa pamefifia. Wewe unayajua haya mambo, nifungulie."

"Mtandao unasumbua, Mwalimu," nikasema, huku chini ya meza nabonyeza "futa" kwenye simu yangu. Tovuti ikanijibu kwamba ombi langu limepokelewa, litashughulikiwa ndani ya siku moja.

Naye si mtu wa kukata tamaa. Akasoma maelekezo taratibu, akapakia mitihani yake mitano ya Historia. Ukungu ukaondoka. Akaendelea kwa sauti ileile: "Kwa hiyo, ndugu zangu, tumuage Mwalimu Komba pamoja na koti lake la kahawia, ambalo nalo limetimiza umri wa kustaafu..."

Akalitazama koti lake. Akasoma kimya hadi mwisho, kisha akarudi juu panapoandikwa jina la aliyepakia. Langu, majina yote matatu.

Ningeweza kusema nimedukuliwa. Nikaweka kikombe chini, nikasimama. "Ni mimi, Mwalimu. Naomba unisamehe."

Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. "Mke wangu ananiambia hayo hayo kila siku," akasema. "Mimi nikadhani ni ugomvi wa nyumbani tu." Kisha akanitazama. "Ijumaa utasoma hii. Yote. Mke wangu naye atakuwepo."

Nitaisoma. Nimeshaamua.

Faili lenyewe bado linasubiri kufutwa, na tovuti inasema watu tisa wameshalipakua. Kama wewe ni mmoja wao, cheka kimyakimya, ila usimtumie afisa elimu wetu.