Malalamiko Dhidi ya Darasa Mtoto Lililonibadilishia Chumvi

Duka la Achari la Hatanaka,
Kanazawa.

Ndugu Mhariri wa Jarida la Waandika Programu,

Natumaini u mzima, na kompyuta yako pia. Mimi ni muuza achari za mboga zilizolowekwa kwenye pumba za mchele, kizazi cha nne, umri miaka sitini na tisa. Binti yangu Chizuru ananifundisha Python, lugha ya kompyuta, ili tuandike programu ya kuendesha duka, maana mwezi ujao nilipanga kumkabidhi ufunguo. Sasa nasita, na wa kulaumiwa ni lugha yenu.

1. Darasa, nimeambiwa, ni ramani ya kitu kama duka, na mbinu ni kazi zake. Kila mbinu ndani ya darasa lazima ianze na hoja, yaani nafasi ya kupokelea kitu, iitwayo self, yaani "mimi mwenyewe". Mhariri, hapa kwetu mtu huongea kutwa nzima bila kutaja "mimi", na akaeleweka. Nijitangulize mbele ya matango? Nililiacha neno hilo kwa adabu tu.

2. Adabu hiyo ikaniponza. Mbinu ya kuloweka niliipa kitu kimoja, tango. Ikanijibu kwamba nimeipa viwili! Chizuru akacheka mpaka akashika mbavu. "Baba, duka lenyewe nalo huingia kimyakimya, linahesabiwa. Wewe hukuliwekea kiti!" Tangu lini mgeni asiyealikwa akawa kosa la mwenye nyumba?

3. Hili ndilo linaloniuma. Niliandika darasa Duka. Chizuru akaandika lake, darasa mtoto DukaLaChizuru, akaweka jina la darasa langu kwenye mabano, na papo hapo akarithi mapipa, wateja, hata saa za kufungua. Hakuinama kwa heshima, hakuleta hata andazi la mchele. Kisha akaiandika upya mbinu ya chumvi, akatia kidogo kuliko mkono wangu! Programu ikamfuata yeye, mzazi nikapitwa kama nguzo ya umeme. Nikamwambia, "Ukigusa chumvi, duka hulipati." Akasema, "Basi baki nalo, Baba." Leo siku ya nne hatusemezani.

4. Kwa heshima zote naomba Python irekebishwe: mtoto asiguse mbinu ya mzazi mpaka mzazi afariki, na hata hapo amalize kwanza siku arobaini na tisa za matanga ya kwetu.

Nisalimie wahariri wenzako, mafundi, na yeyote aliyebuni self, maana nina neno naye.

Wako mwenye uchungu,
Isokichi Hatanaka

N.B. Kabla ya kubandika stempu nilifuta mbinu ya chumvi ya Chizuru, programu irudi kwa mzazi. Ilirudi, na haikutia chumvi hata chembe. Nikafungua darasa langu. Chini ya mbinu ya chumvi nilikuwa nimeandika neno moja: pass, yaani "pita tu". Sikuwahi kumwambia kipimo. Baba yangu aliniambia "tazama ujifunze", nami nikamwambia hivyohivyo. Mtoto hakubadili kitu, aliziba pengo langu, na ninaona aibu. Usiichapishe barua hii. Nashuka kwenye mapipa, yuko huko anasuuza figili, nikamwambie ni konzi nne kwa pipa. Akiona ni nyingi, apunguze.