Mashine Haizunguki Bila Fremu

Jumatatu, 4 Juni 2012

Nyangwine kasema Jumapili anakwenda rashi. Dhahabu imetoka tena kule mashimoni, na rafiki yake Stanslaus ameshanunua tochi ya kichwani. Kila siku anakuja kumwonyesha mume wangu hiyo tochi. Anaiwasha mchana! Nanyonyesha huku namtazama, najisemea moyoni, wewe Stanslaus, Mungu anakuona. Mwezi wa tatu shimo limefunika watu wawili. Waisiko wangu ana miezi saba, hata kusema baba hajajua, na baba mwenyewe anataka kuingia ardhini.

Nimepata akili! Dada Felistas mwenye mgahawa kule rashi anatafuta asali ya wateja wake. Ndoo ya lita kumi, safi, isiwe na nta wala miguu ya nyuki. Ikimpendeza atachukua kila tukivuna. Mizinga ya magogo tunayo sita, aliacha marehemu baba mkwe. Nikamwuliza Nyangwine, Felistas akipokea ndoo yangu kabla ya Jumapili, utabaki? Akacheka, akasema akipokea nabaki, Mama Waisiko, naapa. Mama mkwe alikuwa anachambua mchicha pale pale, kasikia kila neno. Kaapa mbele ya mama yake! Nimemkamata.

Shida ni wifi Rhobi. Naye anamnyemelea Felistas. Rhobi anakamua kwa mikono, asali yake unaweza kuitafuna.

Jumanne, 5 Juni

Nimekwenda Tarime mjini, Bomani, na hela za mbuzi wangu wawili, kununua mashine ya kukamulia asali. Waisiko mgongoni, kimya, mtoto wa heri.

Muuzaji anaitwa Bwana Ogada, mpole. Mashine zipo mbili. Moja ni ya kubana, chuma kizito chenye skrubu, sura kama mtego wa fisi. Ya pili ni ya kuzungusha. Jamani! Inang'aa mpaka nikajiona na mwanangu ndani yake. Ina mpini juu, kapu la waya ndani na koki chini. Nikasema hii.

Bwana Ogada akaniuliza, mama, una fremu? Nikashangaa. Watu wa mjini, hata kukuuzia kitu lazima wajue kama una chumba cha duka. Nikasema fremu si tatizo, kwetu Kisaka fremu zimejaa, tupu, wenye maduka wote wamekimbilia rashi. Akasema vizuri, maana hii inazungusha fremu nne kwa mpigo. Nne! Nikamwambia nitaanza na moja. Akasema haya, ila kumbuka mama, bila fremu hiyo ni pambo tu, bora uchukue ya kubana. Aha! Anataka kunisukumia ule mtego wa fisi. Nikamwambia usijali baba, fremu nitapata kesho.

Jumatano, 6 Juni

Mashine imefika kwa bodaboda, imefungwa kama mgonjwa. Kijiji kizima kimekuja. Mama mkwe kauliza kama ni ya kupikia pombe. Rhobi kasema, wifi, umenunua helikopta, rubani yuko wapi? Watu wakacheka. Nikaifunika kwa kanga kama mtu mwenye siri.

Nimeamkia kwa Mzee Olima mwenye fremu. Shikamoo nyingi. Kanipa moja kati ya zake nne, bure mpaka Jumapili, maana panya ndio wapangaji wake sasa. Kauliza kwa nini nisizungushie nyumbani. Nikamwambia mzee, ni masharti ya mashine.

Jioni Nyangwine kapakua mizinga minne. Anajua nyuki huyu mume wangu, anawapulizia moshi taratibu kama anambembeleza mtoto. Mtu wa namna hii ukamfukie shimoni? Hapana!

Alhamisi, 7 Juni

Nimejaza masega, nimefunga mlango wa fremu, nimezungusha. Mlio kama mawe kwenye debe! Masega yamevunjika vipande vipande. Kokini tone moja. Nikazungusha tena kwa hasira mpaka mkono ukafa.

Halafu nyuki wakanusa. Wakaingia chini ya mlango, wakaingia juu ya ukuta, wakaingia kwa kinyozi jirani. Mteja wake kakimbia kanyolewa upande mmoja, na shuka shingoni. Mimi nilishafunika mashine, ndoo nikaacha chini ya koki, nikambeba mwanangu, mbio! Waisiko hakuguswa. Mimi nimeumwa sikio, limekuwa kama andazi.

Rhobi kaniona napita. Kasema, wifi, helikopta imeanguka? Nimelia kidogo. Nyangwine kanikanda sikio kwa maji ya moto. Hakusema neno juu ya Jumapili, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi ya nyuki.

Ijumaa, 8 Juni

USHINDI! Bati la fremu lilichemka kwa jua jana mchana kutwa. Asubuhi nimefungua mlango kwa woga, nyuki wamerudi kwao, na ndoo imejaa! Nta imebaki kwenye kapu la waya, asali imeshuka peke yake, ukiitazama unaona kitako cha ndoo. Nimepiga kigelegele mpaka kinyozi katoka na wembe mkononi.

Bwana Ogada kapiga simu, kauliza kama fremu zimeenea kwenye mashine. Nikasema kinyume chake baba, mashine ndiyo imeenea kwenye fremu, na nafasi ya kitanda imebaki. Akaeleza pole pole kwamba fremu ni mbao nne zimeungwa kama dirisha dogo, inakaa ndani ya mzinga, nyuki wanajenga sega humo. Nikamwuliza, ya kwangu ina mlango na bati, imetoa lita kumi, ya kwako ya mbao imetoa ngapi leo? Kacheka mpaka simu ikakatika. Anauza mashine na hajui inavyofanya kazi, maskini.

Jumamosi, 9 Juni

Felistas kachovya kidole, kalamba, kachovya tena. Kaipokea! Ya Rhobi kairudisha, kasema chai haina meno. Mama mkwe kamgeukia mwanawe, kamwambia ulivyoapa nilikuwepo. Stanslaus kesho ataondoka peke yake.

Jioni Rhobi kaja, sauti ya chini, eti wifi, na mimi nikanunue ile mashine? Nikamwonea huruma. Nikamwambia nunua, ila wifi yangu, usithubutu kuizungusha kabla hujapanga fremu.

Jumapili, 10 Juni

Nyangwine yupo! Kaamka, kanywa chai, kambeba Waisiko. Nimewatazama mpaka uji ukaungua. Kisha nimewatuma wote wawili kwa Mzee Olima wakaombe fremu tatu zilizobaki. Bwana Ogada mwenyewe alisema zinatakiwa nne.