Mzee Amelala

Jumatatu, 1 Aprili 1996
Nimemuua bosi. Si kwa mkono, kwa simu. Asubuhi Mama Hilaria, mkewe Mzee Aristides, alipiga ofisini kutoka Kibosho. Sauti imekwama, pua imeziba. Akasema Mzee amelala. Nikauliza kwa heshima, tangu lini? Alfajiri, akasema, baada ya kukesha na ng'ombe aliyekuwa akizaa. Niliona ajabu kumtaja ng'ombe saa kama ile, lakini msiba una mambo yake. Nikasema Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Akasema ahsante, ni ndama jike.

Nimelelewa nikijua mtu wa maana hafi, hulala. Basi nikafunga ofisi ya kahawa. Nikaita kwaya. Nikaandika wasifu wa marehemu: mkali, lakini wa haki. Lori la kampuni likapanda mlima watu wakiimba. Kina mama walianza kulia tangu getini. Mzee akatoka ndani na shuka begani, akaketi kwenye benchi katikati ya waombolezaji, akamuuliza jirani yake ni nani aliyefariki.

Jirani yake alikuwa Filbert, karani mwenzangu, anayeitamani meza yangu ya dirishani. Akamweleza. Akamsomea wasifu. Akamkumbusha pia kwamba leo ni Siku ya Wajinga. Mimi nilikuwa nimeshatokomea migombani.

Jumanne, 2 Aprili
Ninaumwa. Angalau ndivyo nilivyotuma taarifa.

Jioni Filbert alikuja kunipa pole, akitabasamu kupita kiasi. Eti Mzee ameniulizia, tena kwa upole. Kwa upole! Afadhali angefoka. Filbert ameshahamishia kikombe chake mezani kwangu, kwa muda tu, anasema, mpaka Mzee aamue. Nitafukuzwa. Nitarudi nyumbani kuchuma kahawa na cheti changu cha kidato cha sita.

Bi Rukaya, mwenye nyumba wangu hapa Majengo, alisikia yote kupitia dirisha. Akaniambia, "Wewe mtoto wa mlimani, ungemkimbia kama ni maiti. Huyu yuko hai, kamwamkie."

Watu wa mjini hawajui hofu.

Jumatano, 3 Aprili
Mpango. Nikisamehewa juu, wa chini atakosa la kusema. Nikaenda kuungama.

Padre alikohoa sana nyuma ya wavu. Nahisi alikuwa anacheka. Nikaomba kesi yangu isikilizwe upande wa upendo wa Mungu, si upande wa haki. Nilieleza sababu vizuri, kwa mpangilio. Akasema, "Mwanangu, hizo si ofisi mbili, ukikataliwa dirisha hili uhamie lile. Anayekuhukumu ndiye huyo huyo anayekupenda."

Jibu hilo halinisaidii. Kitubio: niende kwa Mzee mwenyewe kabla ya Pasaka. Niliuliza kama rozari chache haziwezi kutosha. Akafunga kidirisha.

Alhamisi Kuu, 4 Aprili
Nimepata! Isale!

Kwetu, uliyemkosea ukimpelekea jani la isale, hawezi kukataa kukusamehe, hata kama umemuulia ndugu. Haki inazibwa mdomo kwa jani. Kwa nini sikulifikiria mapema?

Tatizo: Majengo hakuna isale. Niliona mmea unaofanana nalo kwenye kopo la fundi viatu. Akasema ni pambo tu, limetoka Dar. Msamaha wa Dar siwezi kumjaribia mzee wa Kibosho.

Ijumaa Kuu, 5 Aprili
Niandike pole pole.

Baada ya Njia ya Msalaba nilipanda Kibosho. Kwa hofu nilisahau jani mpaka nilipofika kwenye kihamba cha Mzee, shamba la nyumbani kwake. Na mpaka wake wote, kama mipaka mingine ya huku, ni masale! Nikakata moja, nikalifunga fundo, nikaingia. Shikamoo. Marahaba. Nikapiga magoti, nikalinyoosha.

Mzee aligeuza jani, akatazama lilipokatwa. Bado bichi.

"Filemon, hili umelitoa wapi?"

Siwezi kudanganya nikiwa magotini. Nikasema mpakani kwake.

Mama Hilaria akaanza kucheka mlangoni, na mafua yake yote.

"Kwa hiyo aliyekosewa ni mimi," Mzee akasema, "na jani la kuniomba msamaha limetoka kwangu. Wewe umeleta nini?"

"Kosa, Mzee."

Akalipokea. Akasema amenisamehe, na kazi yangu ipo. Lakini kwaya ililia machozi ya kweli, hilo haliwezi kufanywa kama halikutokea. "Utakwenda nyumba kwa nyumba useme ulikosea. Na mimi nitafuatana nawe, wanione niko hai."

Kilichomuuma, akaongeza, ni lile neno "mkali".

Wakanipa ndizi zisizo na nyama. Nilikula kama mtu aliyetoka jela.

Jumapili ya Pasaka, 7 Aprili
Jana tulizunguka. Mimi nasema, Mzee amesimama kando yangu. Kila mlango aibu ilikuwa yetu wawili. Bibi mmoja alimfinya shavu ili ahakikishe.

Leo Padre aliposema amefufuka, nusu ya kanisa ikamgeukia Mzee. Nimepokea Komunyo bila kutetemeka. Nje, Mzee alimwambia Filbert aondoe kikombe chake mezani kwangu. Uso wa Filbert! Sijapata kuwa mwepesi hivi.

Nikishuka nilipitia tena mpakani kwa Mzee. Nikakata masale, mzigo mzima. Sasa yamo kwenye ndoo ya Bi Rukaya, yana maji ya kutosha. Aliuliza ni ya kazi gani. Nikamweleza habari za upendo wa Mungu.

Kesho ni sikukuu. Jumanne nitamwambia Filbert ninavyomwona, mbele ya ofisi nzima, bila kuficha neno. Halafu nadhani nitachelewa kazini kidogo. Makosa mengine bado sijayachagua, lakini msamaha wake uko tayari ndooni.