Kochi Linaita

Jumatatu, 9 Juni

Balaa! Mkutubi kaingia karakanani kwangu na daftari. Nikadhani kaja kunipa kazi ya viti arobaini vya maktaba, vile vilivyotoka sponji. Nimeisubiri miezi mitatu, maana tangu mwaka uanze nashona mito tu. Kumbe anakusanya misemo ya kuchekesha ya mtaani, ile ya mambo yakiharibika, na asili ya kila mmoja. Jumamosi ataisoma mbele ya watu. Ameshapata "tumebaki nusu kichwa", wa kinyozi wa kona aliyekatikiwa na umeme mteja akiwa amenyolewa upande mmoja.

Sasa anatafuta asili ya "kochi linaita". Hapa mtu akiunguza sufuria, kochi linaita. Bomba likipasuka, kochi linaita. Nani alisababisha, watu wameshasahau. Mimi fundi makochi sijasahau. Simu iliyoita ndani ya kochi ilikuwa yangu.

Nikamwambia ni msemo wa mababu. Akaniuliza kama mababu walikuwa na simu za mkononi. Nikajifanya natafuta mkasi.

Jumatano, 11 Juni

Mpango! Nimekwenda maktaba mwenyewe na uongo ulionyooka. Fundi mmoja wa mbali, marehemu, hana ndugu. Alifunika kochi kitambaa kipya, akasahau simu ndani. Siku ya posa, mzee wa upande wa bwana harusi kakaa, anajieleza, kochi likaanza kuita chini yake.

Mkutubi alikuwa anaandika tu, nikanogesha. Simu ilikuwa chini ya mto wa kushoto, kando ya springi ya tatu. Iliita mara kumi na moja. Mzee aliruka, akammwagia chai mama wa binti. Fundi akaitwa, akachana kitambaa pale pale kwa kisu cha mkate. Na aliyekuwa anapiga ni mke wake fundi, akimsaidia kuitafuta.

Akaniuliza nimeijuaje springi ya tatu. Nikasema watu wanasema. Akatabasamu. Nimemweza!

Ijumaa, 13 Juni

Mke wangu kanipa habari za kaka yake. Huyo shemeji yangu naye ni fundi makochi, karakana yake iko ng'ambo ya barabara, tunagombania wateja mwaka wa kumi huu. Kumbe Jumanne alikwenda maktaba! Nikajua nimekwisha. Lakini hakunitaja. Kajitaja yeye! Kasema simu ilikuwa yake, aibu yake. Hakutaka dada yake achekwe kwa ajili yangu.

Mtu ambaye kila siku namsema kwamba gundi yake ni uji! Nikaapa sitamsema tena.

Saa kumi mke wangu akaongeza kwamba mkutubi kapendezwa mno. Anasema fundi anayekiri kosa lake ndiye wa kuaminiwa na viti. Viti arobaini! Kwa simu yangu!

Jumamosi, 14 Juni

Maktaba ilijaa, wengine walichungulia dirishani. Mkutubi alipofika kwenye kochi, akamwomba shemeji asimame. Watu wakapiga makofi. Makofi! Nikashindwa kuvumilia. Nikapanda juu ya kiti, nikapaza sauti kwamba ni mimi, simu ni yangu, springi ya tatu, mke wangu shahidi. Kiti kikatoboka. Mguu ukazama hadi gotini, ukanasa kwenye fremu. Ukumbi mzima ukaitikia kwa pamoja kwamba kochi linaita.

Shemeji ndiye aliyenichomoa, machozi ya kicheko yakimtoka. Mkutubi akasema alishajua tangu Jumatano, alikuwa ananingoja niseme mwenyewe. Marehemu asiye na ndugu, nani angebaki kumhesabia springi? Akaamua tuandikwe wote wawili, na viti tugawane, ishirini ishirini. Mke wangu alinishika mkono njia nzima kurudi nyumbani, bado anacheka. Nampenda mwanamke yule, jamani. Nimemwahidi kwamba ujanja basi, nimestaafu.

Jumanne, 17 Juni

Ishirini ishirini? Nimetafakari. Shemeji ni mtu mwema, nampenda kwa dhati, ila mishono yake inapinda. Mkutubi ana haki ya kujua. Basi nimemwandikia barua ya siri, nikimsihi viti vyote arobaini apewe yule fundi mwingine, mwenye mkono mzuri.

Safari hii nimekuwa makini. Sikutumia karatasi ya karakana. Sikutia sahihi. Nimeandika kwa mkono wa kushoto, herufi zote zimelala. Mwishoni nimeweka: Ni mimi, msomaji asiyejulikana.

Na kwa kuwa barua za siri hupotea njiani, nimeipeleka mwenyewe, nikamkabidhi mkutubi mkononi, nikakaa pale kusubiri jibu.