Swali la Mahindi Kumi

Habari iliyowasha kijiwe Jumamosi ile, kwenye kahawa ya dada Adela pale Bombambili, ilitoka mfukoni mwa Fulgence. Huyu ni dereva wa bodaboda, wenzake wanamwita Breki kwa sababu husimama akiwa ameshampita abiria. Alitoa fomu iliyokunjwa mara nne akaitandaza kwenye benchi. Chekechea ilikuwa imempima binti yake Suzana, wa miaka mitano, ikamkuta amepungukiwa alama moja kufika kiwango. Mzazi atie saini, mtoto arudie mwaka.

"Mwisho Jumatatu," alisema. "Na begi la darasa la kwanza nimeshamnunulia. Analala nalo."

Mzee Otto, karani mstaafu wanayemwita Mkaguzi, alivaa miwani akaisoma fomu hadi jina la kiwanda cha uchapaji. Yeye alikuwa upande wa viwango. Mahindi hayapokelewi kituoni mpaka yapimwe unyevu, alisema, sasa kwa nini mtoto apokelewe darasa la kwanza hivi hivi?

Sefu Korosho, mtu wa Tunduru, alishusha kikombe. "Mzee wangu, na sisi korosho tunazipanga madaraja. Lakini wallahi sijaona mtu anayepima daraja la ua."

"Ua halivai yunifomu," Mkaguzi akajibu.

Breki akasoma kipengele cha nne: awe anaweza kukaa kimya dakika kumi. Suzana alikuwa amekaa tatu. Adela, aliyewavumilia wanaume hawa miaka sita, akachukua simu akasema ngoja na wao wapimwe. Kijiwe kikanyamaza. Dakika ya pili haijaisha, Mkaguzi aliinua kidole, akaeleza kwamba kabla ya yote lazima ukimya wenyewe ufafanuliwe.

"Arudie mwaka," alisema Sefu, naye akawa amefeli papo hapo.

Breki alicheka nao, lakini moyoni alikuwa ameumia. Kilichomkera ni kipengele cha sita, ndicho kilichomwangusha mtoto. Una mahindi kumi, umempa jirani matatu, umebaki na nini? Suzana alijibu: mahindi saba na ndizi mbili. Mwalimu akaweka kosa.

"Ndizi zimetoka wapi?" Mkaguzi aliuliza.

Breki akasimulia. Jana alimuuliza mtoto swali hilo hilo. Suzana akamtazama baba yake kwa huruma, akasema ni za jirani, kisha akaenda kucheza.

Wakiwa bado wanabishana, akatokea Mwalimu Leticia, yule yule aliyeweka kosa, ambaye nyumba yake inapakana na ya Adela. Alimsalimia Mkaguzi shikamoo, akamkabidhi Adela bakuli lililofunikwa kitambaa, akataka kupita zake. Breki alilitazama lile bakuli, akasimama.

"Mwalimu, samahani. Bakuli hili lilikuja kwako na nini?"

"Mahindi ya bondeni, baba Suzana. Matatu. Dada alinipelekea Alhamisi."

"Na sasa lina nini?"

Mwalimu alifunua kitambaa. Yalikuwa maembe mawili. "Sasa nirudishe bakuli la watu tupu?" alisema, kisha macho yake yakaangukia ile fomu kwenye benchi.

Hakuna aliyesema neno. Adela alichungulia saa ya simu, maana hiyo ndiyo ilikuwa rekodi ya kijiwe. Mwalimu alikaa polepole, akaomba kalamu.

"Huyu mtoto alinihesabia na jirani," alisema kwa aibu.

Mkaguzi hakukubali kirahisi. "Lakini mwalimu, kwenye mwongozo jibu ni saba."

"Na saba ameitaja, mzee wangu. Nimemnyima alama kwa sababu ya ndizi."

Alifuta kosa, akaweka vema, akabadilisha jumla na kusaini pembeni. Mkaguzi akachukua embe moja, akidai anakagua kiwango, Adela akamnyang'anya. Breki hakungoja kuona mwisho wa ugomvi huo. Alikunja fomu, akawasha pikipiki kwenda kumwambia Suzana aendelee kulala na begi lake, na kwa furaha aliyokuwa nayo, akasimama akiwa ameshaipita nyumba yake mwenyewe.